Spana Namba Kumi na Saba

Misoji karudi na daftari lenye jeraha.
Mstari mmoja, mkwaju mwekundu juu yake:
I borrowed him my pen.
Pembeni mwalimu kaandika neno moja tu, lend,
kama mtu aliyetupa nanga akaenda kulala.

Baba, kosa liko wapi?

Mimi fundi wa mashine za mitumbwi, hapa Kirumba.
Kiingereza changu ni kile cha kwenye vyuma:
choki, gia, plagi,
na onyo fulani juu ya tangi lililofutika nusu
ambalo sijawahi kulitii.

Nikafuta mikono. Nikafungua kamusi yake.
Kwenye B nikaacha alama ya dole gumba.
Borrow: azima.
Nikaenda L, nikaacha nyingine.
Lend: azima.

Tukatazamana.
Kule mwaloni mtu alikuwa anavuta kamba ya kuwashia,
injini inakohoa, inakataa, inakohoa.

Nikasema, tushike kitu. Shika spana hii.
Mimi ninayeitoa, hiyo lend.
Wewe unayeipokea, hiyo borrow.
Akaipokea, akasema borrow.
Akanirudishia, akasema lend?
Hapana, mwanangu, hapo unarudisha tu,
na hilo ndilo neno gumu kuliko yote mawili.
Akacheka. Mimi pia nikacheka,
sikujua nimesema nini.

Sisi neno letu ni moja, nikamwambia:
niazime, nimeazima, tumeazimana.
Ni kama ule ubao wa kupandia mtumbwini,
unaukanyaga ukishuka, unaukanyaga ukipanda,
hakuna anayeuliza ubao ni wa nchi kavu au wa maji.
Wenzetu wameweka mlinzi kila ncha.

Yeye hakuwa ananisikiliza.
Alikuwa anaigeuza spana, anaisugua kwa pindo la sare.
Baba, hapa pamechongwa B.M.
Wewe si ni Ndaki?

Bugumba Mafuru.
Karakana yake ilikuwa mabati matatu, ukuta kwa ukuta na yangu,
mwaka ule magugu yalipofunga mwalo
na hatukuwa na kazi ila kugombana juu ya redio.
Alinipitishia spana kwenye tundu la ukuta, hakuinua hata kichwa:
usiipoteze, kumi na saba hazipatikani.
Kisha akahamia Kome kufuata makambi ya dagaa.
Miaka kumi na moja.
Na miaka yote hiyo, mtu akiuliza, nasema
hii na Bugumba tuliazimana.

Tuliazimana!
Mimi nilimwazima nini? Labda kiberiti.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Lakini hii spana imesitiri nyumba nzima.
Imefungua nati, nati ikatoa sare,
ikatoa viatu, ikatoa bati la jikoni,
ikatoa hii kamusi niliyoipaka grisi
kwenye B na kwenye L.

Misoji kalamu mkononi.
Nipe sentensi mbili, moja ya kila neno.
Ya kwanza ilitoka bila shida:
Bugumba alimwazima baba yangu spana.
Akaiandika kwa lend, ikakaa sawasawa.
Ya pili nikamwambia aitunge mwenyewe,
nikainuka kwenda kutafuta petroli ya kuisafishia.
Niliporudi alikuwa ameshaifunika kwa mkono.

Mwalimu katia vema zote mbili.

Spana ipo, nimeizungusha gazeti, nimefunga na uzi wa nyavu.
Boti ya Kome huondoka asubuhi.
Jana nilisema kesho.
Leo kaja mtu wa Ukara na mashine yake begani,
analowa jasho, samaki wake wanamsubiri kwenye barafu inayoyeyuka,
nikaiinamia, nikazihesabu nati zake:
zote kumi na saba.

Misoji yuko mlangoni, ananitazama ninavyofungua ule uzi.
Hasemi neno,
la kwao wala la kwetu.